Begi la rubani si la kuuza sura

Leo nasema na masista na mabraza wa Kibaha na Kisarawe mnaosomea urubani. Ada imeshakausha mifuko ya wazee. Begi likikatika mkono mwezi wa pili, utamwambia nini mzee?

Achana na rangi. Ukitoka Kisarawe kwenda uwanja wa Julius Nyerere, begi linabanwa kwenye daladala Pugu hadi Gongo la Mboto kabla halijaiona ndege. Vuta mkono mpaka juu, tikisa. Unachezacheza? Rudisha. Pindua ucheki matairi: ya skrubu safi, fundi wa Maili Moja atabadilisha. Ya ribiti, likifa tairi limekufa begi.

Yale masanduku ya ngozi ni bomba (mwenyewe yananidatisha), ila yalikuwa ya kubebea makabrasha. Mwaka 2013 American Airlines walimaliza kuhamishia yao kwenye iPad, kila begi likapungua kilo 16 hivi. Tafuta dogo, lenye mfuko wa sponji wa tableti.

Na ukiangukia kwenye Cessna Caravan, chukua laini, linalobonyea. Lile gumu la kung'aa waachie abiria wa ndege kubwa.