Ute wa Samaki Si Uchafu
SOKONI NA JIKONI
Na Bi Mchuzi

Kambare ana washtaki wengi sokoni Buguruni, na shtaka lao ni lile lile: anateleza, basi ni mchafu. Hukumu hiyo haina haki. Ute hautoki kwenye tope, hutengenezwa na ngozi ya samaki mwenyewe. Humrahisishia kuogelea, hunasa vimelea kabla havijapenya mwilini, na una vimeng'enya vinavyoua bakteria. Changu na sato wanao pia. Kambare huonekana amezidi kwa kuwa hana magamba. Tena ute ni shahidi wa mnunuzi. Wa samaki mbichi ni mwangavu na hauna harufu kali. Samaki akianza kuharibika, ute huwa mzito, hupata ukungu au umanjano, na hunuka. Anayemkimbilia samaki aliyekwishafutwa hadi kukauka amejinyima ushahidi huo, akabakiwa na macho na matamvua tu.

Utaniuliza: kama una faida zote hizo, kwa nini tuuondoe kabla ya kupika? Kwa sababu faida hizo ni za samaki aliye hai. Akishakufa, kinga hukoma na ute huwa chakula cha bakteria, nao ndio wanaoleta shombo. Hapo desturi ya kumsugua kwa chumvi au majivu, kumsuuza, kisha kumkamulia ndimu, ina akili kuliko inavyodhaniwa. Chumvi na ndimu hugandisha protini za ute ukashikika mkononi. Majivu yana magadi, na chenga zake hukwangua. Wapo wanaoona maji ya moto ndiyo njia ya mkato. Ni kweli, ila yakizidi huivisha ngozi ikachanika, na harufu ya tope iliyoingia kwenye nyama hayaitoi.

Pingamizi zito zaidi ni la imani. Wasabato hawamli kambare, wakifuata Walawi sura ya 11 inayokataza samaki wasio na mapezi na magamba. Msimamo huo una heshima yake, lakini ni agizo la dini, si kipimo cha usafi wa soko. Ama wanaokunja uso kwa sababu ya utelezi tu, hao hao hula bamia na mlenda, navyo huteleza, bila kinyongo.

Kwa hiyo, mnunuzi, mguse samaki kabla hajaoshwa, unuse vidole vyako, ndipo utoe fedha. Kumsugua ni kazi ya nyumbani: chumvi kwanza, ndimu baadaye.