Staa Anaringia X-Men za 1991, Sani Zetu Zimeishia Kufungia Karanga

Wadau, leo naomba nimseme mtu kidogo. Jina nalihifadhi, wenyewe mnamjua.

Wiki iliyopita staa wetu mmoja katupia picha Insta: kabati la vioo limejaa komiki za Marekani za miaka ya tisini, kila moja ndani ya nailoni yake, haijaguswa. Chini kaandika kwamba huo ni urithi wa wanawe. Watu wakamwaga vile vimoto, wengine wakaanza kupiga hesabu za mamilioni.

Samahani bro, hesabu haziendi hivyo. Komiki ya kwanza ya Superman, ya 1938, ndiyo inauzwa mamilioni ya dola, na sababu ni kwamba enzi hizo hakuna aliyetunza. Watoto walisoma, mama zao wakatupa. Kufika miaka ya tisini Wamarekani walishajanjaruka, mtu ananunua kopi mbili tatu anafungia kabatini akisubiri utajiri. X-Men namba 1 ya 1991 ilitoka na makava matano tofauti, zikachapwa kopi zaidi ya milioni 8. Ile ya kifo cha Superman, 1992, ilikuja kwenye mfuko mweusi, na kuna watu hadi leo hawajaufungua. Sasa kitu ambacho kila mtu anacho, nani anunue? Soko likapasuka, na mwishoni mwa 1996 Marvel wenyewe wakakimbilia mahakamani kwa kufilisika.

Kwa hiyo lile kabati, tuwe wakweli, ni karatasi zenye rangi nzuri. Aringe tu, hela zake. Kinachoniuma mimi ni kingine.

Mimi nimekulia Magoma, Korogwe, huku kwenye mkonge. Mjomba wangu alikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda, limejaa Sani. Kwa nyie wa juzi, Sani ni gazeti la katuni, jina lake limetokana na Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Humo ndimo walimokuwa kina Ndumilakuwili, Kipepe, Pimbi, Madenge na Lodi Lofa. Hakuna aliyeruka angani wala kuvaa joho. Lodi Lofa anapiga pozi la kitajiri na mfukoni hana hata mia. (Ukimwangalia staa wetu na kabati lake... basi, naacha.)

Nakala moja ikishuka na gari la Korogwe ilikuwa ya watu kumi. Unapanga foleni. Ikikufikia wewe kava halipo, kurasa za kati zimekatwa, na kuna fundi wa mitaani kashamchorea Pimbi masharubu. Ikichoka, inajaladia daftari, inabandikwa ukutani kuziba nyufa, au inakwenda kwa muuza maandazi. Tulisoma hadi ikaisha, kihalisi. Ndiyo maana Sani ya 1993 ni adimu kuliko X-Men zote za kabati lile, na bado hakuna anayeitafuta.

Najua povu litakuja: "Sani ilikuwa ya kihuni." Ni kweli, mambo mengine yalikuwa ya aibu, hasa walivyochora wanawake, na mimi mwenyewe nilikuwa nasomea chooni. Lakini mavazi ya mjini, kona za baa, bei za vitu, matusi ya kondakta, maisha ya kawaida ya Mtanzania wa miaka ile utayapata wapi yamechorwa hivyo? Kwenye hotuba? Halafu kuna wachoraji kama Philip Ndunguru, aliyefariki 1986 akiwa bado kijana. Picha zao zikiisha kufungia karanga, na wao ndiyo wameisha.

Sanduku la mjomba nililifuata nilipoanza kazi. "Shikamoo mjomba, yale magazeti bado yapo?" Akacheka. "Marahaba. Shangazi yako kayauza kwa kilo siku nyingi, mwanangu. Sanduku lenyewe lina mahindi."

Kwa kilo! Nilipekua chini ya mahindi nikapata matatu, moja limeliwa na panya pembeni. Ndiyo kolekisheni yangu yote. Moja lina hadithi inayokatikia pale jamaa anapogonga mlango wa mke wa mtu, na mwenye mke anaonekana kona ya nyumba na panga. Itaendelea. Nina miaka sita natafuta iliendeleaje.

Kwa hiyo staa, hela ya nailoni moja ile ingemlipa kijana azunguke Tanga na Moro akakusanye zilizobaki, mradi tu umpe na nauli. Na wewe unayesoma hapa, kama kwa bibi yako zimebandikwa ukutani, tafadhali usibandue. Niambie ni wapi, nitakuja na simu nizipige picha hapohapo ukutani.