Wavuti tulipewa bure, leo nani kakaa mlangoni?



Juzi nipo kafe, dogo mmoja wa mtaani kwetu akaniuliza: "Kaka, hii intaneti nani kaigundua?" Nikamjibu haraka haraka, Tim Berners-Lee. Kumbe nimemlisha tango pori. Naomba nirekebishe hapa, maana ndani ya swali lake kuna jambo linalotuhusu wote.

Tutenganishe kwanza. Intaneti ni kompyuta kuunganishwa zikaongea, na mtandao wake wa mwanzo, ARPANET, ulianza Marekani mwaka 1969. Wavuti ni hizi kurasa unazobofya kiungo ukatoka moja kwenda nyingine. Imekuja miaka ishirini baadaye, na inapita juu ya intaneti kama daladala inavyopita barabarani. Huyo Berners-Lee alitengeneza daladala, barabara aliikuta.

Jamaa ni Mwingereza, alikuwa anafanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichopo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, karibu na Geneva. Shida ya pale ilikuwa ya kawaida kabisa: watafiti wengi kutoka nchi mbalimbali, kompyuta za aina tofauti, mtu akiondoka na taarifa zake zinapotea. Machi 1989 akaandika pendekezo. Bosi wake, Mike Sendall, akaandika juu ya karatasi kwamba halieleweki sana ila linasisimua. Hakulikataa.

Mwisho wa 1990 tayari kulikuwa na seva, programu ya kusomea kurasa na ukurasa wa kwanza, vyote kwenye kompyuta moja aina ya NeXT. Juu yake alibandika karatasi yenye wino mwekundu kuwaonya watu wasiizime. Hebu fikiria, mtu akichomoa waya tu, wavuti yote duniani imelala!

Kurasa zenyewe hazikuwa na mbwembwe. Hakuna picha, hakuna tangazo, ni maandishi na viungo: mradi huu ni nini, wahusika ni nani, programu utaipataje, wewe unaweza kusaidia vipi. Pale CERN kilichowafanya wengi waanze kuitumia ni kitabu cha namba za simu za wafanyakazi. Tarehe 6 Agosti 1991 akautangaza mradi kwa watu wa nje.

Sasa sikilizeni hapa. Wavuti ilikuwa na mpinzani. Mwaka huo huo 1991 Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, kilitoa Gopher, nayo ya kutafutia na kusomea taarifa. Ilikuwa rahisi, na kwa muda ilikuwa mbele ya wavuti. Mapema 1993 chuo kikatangaza kwamba baadhi ya wanaoendesha seva za Gopher watalipia leseni. Watu wakaingiwa na hofu: leo analipa yule, kesho si mimi? Tarehe 30 Aprili mwaka huo huo CERN ikatoa tamko kwamba programu za wavuti ni mali ya umma, yeyote azitumie bila kulipa.

Gopher ikaanza kupotea. Sisemi leseni peke yake ndiyo iliyoiua. Mwaka huo huo ilitoka Mosaic, programu ya kutoka Chuo Kikuu cha Illinois iliyoonyesha picha na maandishi pamoja, na watu waliipenda sana. Ila leseni ilishawaonyesha watu nani kashika ufunguo wa nyumba.

Turudi nyumbani. Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni Tanzania zilimtaka mwenye blogu awe na leseni, na ada yake ikawa shilingi milioni moja, mbali na ada ya maombi. Miaka iliyofuata ada zilipunguzwa. Serikali ilijitetea kwamba inazuia uchochezi na matusi, na kweli matusi yapo. Lakini mwenye milioni anaweza kutukana vilevile. Aliyeachwa nje ni kijana wa kidato cha nne mwenye jambo la maana na mfuko mtupu.

Na si serikali tu. Wengi wetu siku hizi hatuna ukurasa wetu, tuna akaunti ndani ya kampuni ya mtu. Mwenye nyumba akifunga, vyako vinaondoka navyo. Waliojenga kurasa zao GeoCities waliliona hilo mwaka 2009, Yahoo ilipoifunga.

Kwa hiyo dogo, jibu lako ni hili: wavuti aliianzisha Berners-Lee, lakini wewe na mimi tumeifikia kwa sababu pale mwanzoni hakuna aliyekaa mlangoni kukusanya kiingilio.

Nawasilisha. Je, kiingilio kinazuia matusi au kinazuia maskini? Mwageni maoni hapo chini, bila matusi lakini!