Mashine ya Santuri ya Kijapani: Soma Kibandiko Kabla ya Kutoa Feza

Katika safu hii ya Mfuko wa Nyumba tumezoea kuongea juu ya unga, makaa, malipo ya shule na likelemba. Juma hili tunaleta jambo ambalo wengine watasema ni la wanaume: mashine ya kupigia santuri, zile plake nyeusi za wazee wetu. Tunalileta kwa sababu lilitugharimu feza, na kwa sababu masanduku ya santuri yangali chini ya vitanda vya wengi wetu.

Mwenzetu mmoja ni mjane. Marehemu mume wake alimwachia sanduku lenye santuri zaidi ya themanini. Mashine yao ya zamani iliharibika, ikatupwa wakati wa kuhama, na tangu hapo hakuna aliyezisikia. Watoto wake wawili wa mwisho hawakujua kabisa muziki ambao baba yao alikuwa akiuweka kila Jumapili baada ya chakula.

Mwaka jana mnunuzi mmoja alipita mtaani akiuliza santuri za zamani. Akaangalia sanduku, akasema: dola 20 kwa zote. Mama alikuwa na deni la nyumba, kwa hiyo alikuja kwenye kikao na swali moja tu: «Wadada, niuze?»

Tulimjibu kwamba asiuze bado. Sote tunajua hasara ya kununua mbuzi ndani ya gunia. Kumbe hata kumuuza akiwa ndani ya gunia ni hasara. Kwanza tusikilize zile santuri, ndipo aamue.

Hapo ndipo kosa letu lilipoanza.

Tulitoa dola 40 kutoka katika mfuko wetu wa msaada, tukaenda kwenye soko moja la vitu vilivyotumiwa. Tuliona mashine nzuri, nzito, ya rangi ya fedha. Muuzaji akasema: «Mama, hii ni Kijapani, hii haifi.» Tukalipa. Tulipofika nyumbani tukaichomeka ukutani. Taa yake ndogo iling'aa sana, sahani ikazunguka kidogo, kisha tukasikia harufu ya kitu kinachoungua. Mashine ikanyamaza.

Fundi wa radio alipoigeuza, alituonyesha kibandiko kidogo kwa nyuma. Kiliandikwa: 100V. Akasema: «Mama, hii ilitengenezwa kwa ajili ya nyumba za Japani. Huko umeme ni wa volti 100. Wetu ni 220.» Tulikuwa tumeinywesha mara mbili ya kipimo chake.

Tuliandika hasara hiyo kwenye daftari mbele ya wote, bila kuficha. Baadhi ya wenzetu walikasirika, na walikuwa na haki. Lakini kikao kiliamua tujaribu mara moja tena, safari hii tukiwa tumejifunza. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwa nini mashine za Kijapani?

Mashine nyingi za kawaida huzungusha sahani kwa mkanda wa mpira. Mkanda huo huzeeka, hulegea, na kwetu hapa kupata mwingine wa kipimo kilekile ni kazi. Mwaka 1970 kampuni ya Matsushita ya Osaka, kwa jina la Technics, ilianza kuuza mashine ya namna nyingine iliyoitwa SP-10. Ndani yake mota imekaa chini ya sahani yenyewe na kuizungusha moja kwa moja, bila mkanda. Mwaka 1972 ikatoka SL-1200, ambayo baadaye ilipendwa na wapiga muziki wa dansi duniani kote. Denon, Pioneer, Sony, JVC, Yamaha na Kenwood nao wakatengeneza za kwao.

Kisha mwaka 1982 zikaanza kuuzwa CD. Watu wa Japani, Ulaya na Marekani wakaweka mashine zao darini. Ndiyo maana hata leo, baada ya miaka arobaini na zaidi, bado zinapatikana, na nyingi bado zinazunguka. Hakuna mkanda wa kukatika, na mota hiyo huzunguka polepole, kwa hiyo haichakai upesi.

Usikimbilie jina kubwa

SL-1200MK2 ya mwaka 1979 ni nzuri, lakini kila mtu anaitafuta, na bei yake inapanda kwa sababu hiyo. Mwenye mfuko mdogo atafute ndugu zake wasiojulikana sana: Technics SL-D2 au SL-Q2, Pioneer PL-518, Denon DP-30L. Kwa nyumba zinatosha kabisa.

Kuna siri ndogo katika herufi za Technics za wakati ule. SL-B2, SL-D2 na SL-Q2 zinafanana kwa sura kama mapacha, lakini B ni ya mkanda. D ni ya mota ya moja kwa moja. Q ni ya moja kwa moja pia, na mwendo wake unashikwa na kwazi, kile kijiwe kilicho ndani ya saa za mkono. Muuzaji anaweza asijue tofauti. Wewe uijue.

Mambo sita ya kuangalia kabla ya kulipa

Kwanza, kibandiko cha nyuma au cha chini. Kikisema 220V, 230V au 240V, endelea. Kikisema 100V, ni ya Japani. 120V, ni ya Marekani. Hizo zinahitaji transfoma ya kupunguza umeme, na bei ya transfoma ni sehemu ya bei ya mashine. Mashine hizi hutumia umeme kidogo, kwa hiyo transfoma ndogo inatosha, lakini itoe volti zilezile zilizoandikwa. Ile ya 110 si ya mashine ya 100. Nyingine zina kitufe cha kuchagua volti. Hakikisha kimewekwa kwenye 220 au 240 kabla ya kuichomeka.

Pili, mwendo. Omba ichomekwe, iachwe izunguke dakika kumi. Pembeni mwa sahani kuna vidoti vinavyomulikwa na taa ndogo. Vidoti vikionekana vimesimama, mwendo ni sawa. Vikitembea, mwendo umepotea. Nyingi zina mstari wa vidoti vya umeme wa hezi 50 na mwingine wa hezi 60. Wetu ni wa 50. Na kama muuzaji anatumia jenereta, usihukumu haraka: jenereta isiyotulia hufanya vidoti vitembee hata kama mashine ni nzima.

Tatu, mkono. Uguse kwa kidole kimoja. Uende na kurudi kwa wepesi, usikwame, usitikisike kwenye shina lake. Mkono uliopinda au uliolegea, uache na mashine yake.

Nne, uzito wa nyuma wa mkono. Ni kile kidude cha mviringo kinachofanya kazi kama jiwe la mizani. Mara nyingi hupotea safarini. Kama hakipo, usinunue, kwa maana kupata kinachofaa kunaweza kukugharimu kuliko mashine.

Tano, kichwa kinachoshika sindano. Kikiwa cha kufungua na kufunga kwa pete, ni vizuri, kwa sababu vichwa vya namna hiyo vinapatikana.

Sita, sikio la kushoto na la kulia. Sauti ikitoka upande mmoja tu, mara nyingi ni waya uliokatika. Hilo fundi hulehemu kwa feza kidogo, nawe unaweza kuomba bei ishuke.

Marekebisho ya feza kidogo

Mashine yetu ya pili ni SL-D2. Binti wa mwenzetu anayeishi Brussels aliipata kwenye soko la vitu vya zamani kwa euro 35, akamkabidhi msafiri. Tulimwambia jambo moja tu: kabla ya kulipa, tupigie picha kibandiko. Kilisema 220. Umeme wa Ulaya na wetu ni ndugu, kwa hiyo hatukuhitaji transfoma.

Sindano mpya tulinunua kwa dola 25. Hapo msibane mkono. Sindano iliyochakaa hukwangua santuri, na santuri iliyokwanguliwa haiponi. Tulichukua Audio-Technica AT3600L kwa sababu ni ya bei ndogo na haina maringo. Ina waya nne: nyeupe na nyekundu, buluu na kijani, kila rangi na mahali pake.

Kisha uzito. Zungusha uzito wa nyuma mpaka mkono uelee sawasawa, usipande wala kushuka, kama mizani iliyo tupu. Weka namba kwenye sifuri. Halafu zungusha mpaka kipimo cha sindano yako. Hii yetu inataka kati ya gramu 2.5 na 3.5, tukaweka 3. Wale wanaoweka sarafu juu ya kichwa ili sindano isiruke, waache. Sarafu inakula santuri.

Mwendo wetu ulikuwa unayumba. Fundi akapuliza dawa ya kusafishia vifaa vya umeme ndani ya vitufe vya mwendo, akavizungusha mara thelathini kwenda na kurudi. Ukatulia. Ilikuwa vumbi tu. Akatia tone mbili za mafuta mepesi ya charahani kwenye shina la sahani. Si mafuta ya kupikia wala grisi.

Chini yake tuliweka kipande cha kigae kizito juu ya vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu la kinga, ili watoto wakikimbia chumbani sindano isiruke. Bakuli la maji juu ya kigae lilituonyesha kama kimelala sawa.

Mambo mawili ya mwisho. Sauti ya mashine hizi ni ndogo, lazima iingie kwenye tundu la ampli lililoandikwa PHONO. Na ule waya mwembamba wa pembeni ufungwe kwenye ampli, la sivyo bafle zitanguruma kama nyuki. Umeme wenu ukipanda na kushuka, wekeni stabilizateri. Na hakuna kufungua mashine ikiwa imechomekwa, hata kwa dakika moja.

Jumla: mashine euro 35, sindano dola 25, fundi dola 10. Na kutoka kwenye ile iliyoungua tulitoa kichwa cha akiba na mkeka wa mpira. Haikupotea yote.

Siku ya kusikiliza

Tuliosha santuri kwanza kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni, bila kulowesha karatasi ya katikati, tukazisuuza, tukazisimamisha zikauke kama sahani za chakula. Kisha mama akachagua ya kwanza yeye mwenyewe.

Hatutaandika mengi. Gitaa lilipoanza, alikaa chini. Kijana wake wa mwisho aliuliza: «Mama, huyu ndiye papa alikuwa anapenda?» Nyuma ya bahasha ya santuri moja tulikuta mwandiko wa marehemu: tarehe ya kuzaliwa kwa binti yao wa kwanza. Mama hakuwa anajua kwamba aliiandika pale. Karibu iende kwa dola 20 pamoja na zingine.

Chache hazikupigika. Ni zile nzito za baba mkwe, baadhi zenye jina la Ngoma, kampuni iliyoanzishwa Léopoldville mwaka 1948. Hizo ni za mizunguko 78 kwa dakika na zinataka sindano pana zaidi. SL-D2 inajua 33 na 45 tu. Kama mnazo, msilazimishe sindano ya kawaida, na msizisafishe kwa pombe, kwa maana inaziyeyusha. Zifungeni vizuri tu, siku yake itafika. UNESCO iliingiza rumba ya Kongo katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2021, lakini sehemu ya urithi huo iko kwenye masanduku yetu, karibu na panya.

Mnunuzi alirudi. Safari hii mama alimuuliza: «Papa, unatafuta zipi hasa?» Mtu akaanza kuchagua, na kwa kuchagua kwake bei ikajulikana. Alimuuzia tano ambazo alikuwa nazo mbili mbili, kwa feza zaidi ya ile iliyotajwa kwa sanduku zima. Deni la nyumba halikuisha, lakini lilipungua. Zingine ziko nyumbani, na Jumapili zinapigwa.

Kwa hiyo, wamama, kabla ya kuuza sikilizeni, na kabla ya kununua someni kibandiko. Aliye na sanduku na hana mashine, aje kwenye kikao. Yetu iko pale, na mkono wake tunaugusa kwa kidole kimoja.