Saa ya Bwawani Haipimi Ziwa

Ipo kauli inayopendwa na waliofunzwa kuogelea katika mabwawa ya hoteli na ya shule za mijini, nayo husikika hata Songea, mji uliolala chini ya vilima vya Matogoro unakochimbuka mto Ruvuma: kwamba mwogeleaji wa ziwani ni mzito, na shahidi ni saa. Mtu yule yule, husemwa, akipimwa bwawani hufika mapema, akipimwa Mbamba Bay huchelewa; basi bwawa ni la mafundi na ziwa ni la wazembe. Saa haikusema uongo. Aliyeisoma ndiye aliyeusema.

Hesabu yenyewe haina ubishi. Katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, Mjerumani Florian Wellbrock aliogelea mita 1,500 bwawani kwa dakika 14 na sekunde 40.91, akapata shaba. Siku 4 baadaye aliingia katika maji ya ghuba, akamaliza kilomita 10 kwa saa 1, dakika 48 na sekunde 33.7, akapata dhahabu. Ukigawanya, kila mita 100 zilimchukua kiasi cha sekunde 58.7 bwawani na 65.1 baharini. Urefu wa safari una sehemu yake katika tofauti hiyo, lakini si yote. Je, nani atathubutu kusema kwamba bingwa yule aligeuka mzembe kwa siku 4?

Watu wa bwawa husahau ukuta. Katika mita 1,500 za bwawa la mita 50, mwogeleaji hugeuka mara 29, na kila mara huusukuma ukuta kwa miguu miwili, akateleza chini ya maji kwa kasi ambayo mikono yake peke yake haiwezi kuizaa. Sheria humruhusu hadi mita 15 kabla ya kuibuka. Tena sakafuni amechorewa mstari mweusi wa kumwongoza, na kamba za pembeni huyavunja mawimbi kabla hayajamfikia. Ziwa Nyasa halina mstari. Kina chake hufika takriban mita 700. Anayetaka kujua aendako hana budi kuinua kichwa, na kichwa kikiinuka, nyonga na miguu huzama, maji yakamkamata kama matope. Asipokiinua hupotea. Akienda mshazari, nyuzi 20 huku na nyuzi 20 kule, kilomita 1 humgeukia mita 1,064.

Wengine hudai kwamba mkondo hulipa: ukikuzuia kwenda, utakusukuma kurudi. Haulipi. Aendaye mita 1 kwa sekunde, akikutana na mkondo wa robo mita, atatumia sekunde 1,333 kwenda kilomita 1 na sekunde 800 kurudi. Jumla ni 2,133, ilhali maji matulivu yangemdai 2,000. Bahari walau hubeba mwili kwa chumvi yake. Nyasa, maji baridi, haina hata hisani hiyo. Na upepo wa kusini ukivuma, ule ambao wavuvi wa upande wa Malawi huuita mwera, ziwa huinuka kama bahari. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu.

Wapenzi wa ushairi hawatashangaa. Lugha yetu haikukosea ilipoziita aina za tungo bahari, wala haikuziita mabwawa. Kina ni ukuta: hubana, lakini pia husukuma, na mtunzi mwenye mizani 8 za utenzi hupata nguvu mpya kila anapogeuka. Tangu *Kichomi* ya Euphrase Kezilahabi, mwaka 1974, wapo wanaowahukumu watunzi wasio na ukuta kwa saa ya wenye ukuta, na wapo wanaoutukana ukuta bila kujua uliwafaa nani. Wote wawili hawajalowa.

Mwaka 2019 Martin Hobbs wa Afrika Kusini aliogelea urefu wote wa ziwa hili kwa siku 54. Hapo saa ya sekunde ingefanya kazi gani?

Lakini dharau si ubaya mkubwa wa kauli hii. Ubaya wake ni kwamba huua. Kijana aliyemaliza mizunguko 10 ya bwawa huandikiwa kuwa anajua kuogelea. Likizo ikifika huteremka kutoka Songea kupitia Mbinga, akalitazama ziwa kwa hesabu ya bwawani, akaona jabali la mbele liko umbali wa mizunguko 6 tu. Hukadiria pumzi kwa kuta ambazo hazipo. Anayempeleka asimwulize amewahi kutumia dakika ngapi. Amwulize kama anaweza kuelea chali mawimbi yakimpiga usoni, kama anajua kuogelea sambamba na ufuko mahali ambapo miguu hugusa chini, kama amechagua mwembe wa pwani wa kuutazama kila anapoinua kichwa, na kama asubuhi hiyo amemwuliza mvuvi upepo unatoka wapi.