Barua ya wazi kwa Waziri wa Viwanda na Biashara: gari limekufa, makato yanaendelea

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Igunga mjini, mkoani Tabora, ambako nafundisha shule ya msingi. Mshahara wangu wa mwezi uliopita uliingia ukiwa umeshakatwa. Wa mwezi huu utaingia hivyohivyo. Makato hayo ni ya mkopo niliochukua kununua Toyota Noah ambayo sasa imesimama chini ya mwarobaini kwenye gereji, injini haiwaki, na aliyeniuzia anakataa kunirudishia fedha zangu. Ni shilingi milioni 19, Mheshimiwa. Kwa mujibu wa mkataba wa benki nitazilipa hadi mwaka 2031.

Gari nililinunua kwenye yadi moja jijini Dar es Salaam. Niliambiwa limetoka Japani moja kwa moja, halijatumika hapa nchini, namba E, na dashibodi ilionyesha kilomita 83,000. Nilikwenda na fundi. Alilizunguka, akaliwasha, akalisikiliza, hakuona kasoro, kwa sababu injini iliyofungwa vizuri na kuoshwa huficha ugonjwa wake kwa siku kadhaa. Lilichemsha kabla hatujafika Singida. Tukalipoza, tukaongeza maji kwenye rejeta, tukaendelea. Tulipomaliza mteremko wa Sekenke, karibu na Shelui, likazima moja kwa moja, na likaingia Igunga likivutwa na lori.

Fundi wa hapa alipoifungua injini alikuta silinda hedi imepasuka na imewahi kuchomelewa. Nikatoa bahasha ya nyaraka za forodha na kuzipitia moja moja. Ndani yake kuna cheti cha Kijapani cha kusafirisha gari nje ya nchi, na cheti hicho huonyesha kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa huko kwao. Maandishi ni ya Kijapani, lakini tarakimu ni zilezile ninazowafundisha watoto wa darasa la kwanza: 191,000. Mtu aliyerudisha nyuma mita ya dashibodi hakujisumbua hata kuiondoa karatasi inayomuumbua. Hakuwa na wa kumwogopa.

Nilipompigia muuzaji, kwanza alisema nilete gari. Nikamwambia haliwaki. Akasema niongeze milioni nne anipe jingine. Nikamwambia nataka fedha zangu, na nikamtumia picha ya cheti. Hapo ndipo aliponielekeza nisome chini ya stakabadhi, palipoandikwa: mali ikishauzwa hairudishwi. Tangu siku ile hapokei simu yangu.

Nieleze maana ya makato kwa mtumishi wa umma, maana huenda mezani kwako ni neno la kihasibu tu. Utaratibu unataka mtumishi abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wake, na benki hukopesha mpaka karibu na mstari huo. Mimi naishi kwenye theluthi hiyo. Mpango ulikuwa wazi: Noah ipige ruti ya Igunga, Ziba na Nkinga, dereva alete hesabu kila jioni, na hesabu ndiyo ilipe mkopo. Nilikuwa nimeanza kuulizia leseni ya LATRA ya kubeba abiria. Sasa hesabu haipo na makato yapo. Mwanangu wa chuo amesimamisha masomo muhula huu. Mama yangu anakwenda kliniki Nkinga kwa bodaboda, mgongo ukimuuma. Lakini nikilala usiku kinachonikosesha usingizi ni kwamba tarehe ya mshahara ikifika, kabla sijashika shilingi, fedha ya gari lililokufa imeshatoka. Muuzaji anayo milioni 19 yangu, anaizungusha, ananunua magari mengine, na riba yake naendelea kuilipa mimi.

Sheria ipo, Mheshimiwa, na nimeisoma. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu ubora na historia ya bidhaa, na inakataza pia kumdanganya kuhusu haki alizonazo. Ile sentensi ya chini ya stakabadhi ni udanganyifu wa aina hiyo. Ipo pia Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inayosema kitu kinachouzwa na mfanyabiashara wa vitu hivyo kiwe kinafaa kwa kazi ambayo mnunuzi ameieleza. Mimi niliieleza. Nilimwambia muuzaji kuwa nataka gari la kubeba abiria vijijini.

Nikazipeleka sheria hizo kituo cha polisi. Nikaambiwa hayo ni madai, si jinai. Mtu amebadilisha mita, ameuza kwa uongo, amechukua milioni 19, na kwa afisa yule ni madai. Nikapeleka lalamiko kwa maandishi kwenye ofisi ya umma inayohusika na haki za walaji. Baada ya kufuatilia kwa muda mrefu nilijibiwa kuwa suala langu ni mkataba wa watu wawili na kwamba nijaribu kuelewana na muuzaji. Nielewane naye vipi, wakati hapokei simu? Na kama kila udanganyifu wa dukani ni mkataba wa watu wawili, Bunge lilitunga Sheria ya Ushindani kwa ajili ya nani?

Imebaki mahakama. Madai ya kiasi hiki yanaingia Mahakama ya Mwanzo, lakini shauri hufunguliwa anakoishi au anakofanyia biashara mdaiwa, au mahali chanzo cha mgogoro kilipotokea, na hivyo vyote viko Dar es Salaam. Kutoka Igunga ni zaidi ya kilomita 800. Kila shauri likitajwa na kuahirishwa nitahitaji nauli, mahali pa kulala, na ruhusa ya mwalimu mkuu kuliacha darasa. Nauli hiyo itoke wapi, ndani ya theluthi ile? Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walitembea miezi kutoka Unyanyembe, huku kwetu Tabora, hadi Bagamoyo wakiwa wamebeba mizigo ya wengine, na faida ikabaki pwani. Leo tuna lami na mabasi ya usiku, na bado mtu wa huku akidhulumiwa sharti aifuate haki yake pwani kwa gharama zake mwenyewe.

Kuna jambo jingine linaloniudhi sana. Serikali inaujua umri wa kila gari linaloingia nchini, kwa sababu inautoza kodi: gari likizidi miaka minane tunalipa ushuru wa uchakavu. Wenzetu wa Kenya hawaruhusu kabisa gari lililozidi umri huo kuingia. Sisi tumechagua kuruhusu na kutoza, sawa. Lakini aliyelipa ushuru wa uchakavu, aliyelipa usajili, aliyelipa kila kitu mpaka akapewa kadi, akija kugundua kuwa ameuziwa mkweche, dola ile iliyomtoza haimjui tena. Kadi ya gari imeandikwa namba ya chesisi, rangi, uzito, idadi ya viti. Kilomita hazimo. Ingekuwa kazi gani kuzinakili kutoka kwenye cheti cha Japani siku gari linaposajiliwa kwa mara ya kwanza? Ni mstari mmoja tu, na mita ya dashibodi ingekuwa haina faida kuichezea.

Na si magari peke yake. Juni 2016 simu bandia zilizimwa nchi nzima, na walioamka na simu zisizopiga ni walionunua. Wakulima wetu huku wakiuziwa dawa ya pamba isiyoua mdudu, msimu unaokwenda ni wao. Yeyote anayeuza Tanzania anajua kuwa fedha ikishaingia mfukoni mwake, hakuna ofisi itakayoitoa. Atakemewa kwenye semina, bidhaa zake zitachomwa mbele ya kamera, atapigwa faini inayokwenda hazina. Aliyeibiwa hapewi kitu. Nimechoka kuitwa mlaji anayelindwa huku nikikatwa mshahara kila mwezi kwa ajili ya mtu aliyenidanganya.

Haya ninayodai si ya ajabu. Uingereza, tangu sheria yao ya haki za walaji ya mwaka 2015, mtu aliyenunua gari kwa mfanyabiashara, hata gari lililotumika, ana siku 30 za kulirudisha likiwa bovu na kurejeshewa fedha zake zote. Weka muda wa namna hiyo hapa kwetu, kwa maandishi, ubandikwe kwenye kila yadi. Mwenye yadi asipewe leseni kabla hajaweka dhamana serikalini ambayo mnunuzi aliyeshinda lalamiko lake atalipwa kutoka humo. Lalamiko lipokelewe kwenye ofisi ya biashara ya halmashauri anakoishi mnunuzi, na muuzaji ndiye aje, kwa nauli yake. Sheria ya 2003 imetaja amri za fidia kwa aliyepata hasara. Agiza zitolewe, na zitangazwe, ili wenye yadi wazisome.

Kuhusu gari langu, nimeambatanisha nakala ya stakabadhi yenye sentensi ile, nakala ya cheti cha Kijapani, picha ya dashibodi, maelezo ya fundi yaliyosainiwa, na hati yangu ya mshahara inayoonyesha makato. Naomba unijibu kwa maandishi: ni ofisi gani chini ya wizara yako itakayomwita muuzaji huyu, na tarehe gani. Nikijibiwa tena kuwa nielewane naye, nitalipeleka jibu hilo kwa mbunge wetu alisome bungeni.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Igunga, Tabora