Dalali Asiyedai Ujira Hulipwa na Nani?



Wavuvi wanaporudi Chwaka, samaki hutandazwa mnadani na dalali hupaza sauti kutaja bei. Mvuvi anajua, na mnunuzi anajua, kwamba dalali ana fungu lake katika mauzo yale. Hakuna anayemlaumu, kwa kuwa analolipata hulipata mbele ya macho ya watu wote. Tunaanza na mnada huo kwa sababu amezuka dalali wa namna nyingine, anayeingia majumbani kwa njia ya simu ya mkononi, naye husema kwamba hadai ujira wowote.

Tunazungumzia programu za simu zinazomwezesha mtu kununua na kuuza hisa za makampuni bila kulipa ada ya udalali. Iliyovuma kupita zote ni Robinhood, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2013 na kupewa jina la yule mnyang'anyi wa hadithi za Kiingereza aliyewapokonya matajiri na kuwagawia maskini. Watu wengi wenye kipato kidogo, ambao zamani hawakuthubutu kulikaribia soko la hisa, walifunguliwa mlango. Jambo hilo ni jema, wala hatulibezi.

Lakini programu hiyo inaishi kwa nini? Mteja anapotoa agizo la kununua hisa, agizo lake kwa kawaida hupelekwa kwa kampuni kubwa ya biashara ya hisa, kama Citadel Securities, nayo huilipa programu kwa kuletewa agizo hilo. Kampuni hiyo hujipatia faida katika tofauti ndogo iliyopo baina ya bei ya kununua na bei ya kuuza. Zaidi ya hayo, programu hupata riba kutokana na fedha za wateja zilizolala, riba ya mikopo ya kununulia hisa, na ada ya kila mwezi ya wanaotaka huduma za ziada. Hivyo basi, kadiri mteja anavyonunua na kuuza mara kwa mara, ndivyo dalali anavyonufaika, hata kama mteja mwenyewe anapata hasara.

Mwezi Desemba 2020, mamlaka ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa iliituhumu Robinhood kwamba kwa miaka kadhaa iliwapotosha wateja kuhusu chanzo hicho cha mapato. Mamlaka ilieleza kuwa, kwa kupewa bei duni, wateja walipoteza jumla ya dola milioni 34.1, hata baada ya kuhesabu ada waliyoiokoa. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 65, bila kukiri wala kukana tuhuma hizo.

Wakulima wa mwani wa pwani yetu ya mashariki hawana haja ya kufundishwa somo hili. Baada ya kilimo hicho kuanza mwaka 1989, makampuni ya ununuzi yaliwapa akina mama kamba bila malipo. Na aliyepokea kamba alitakiwa kuiuzia kampuni ile ile, kwa bei iliyopangwa na kampuni. Kamba ilikuwa bure, ila gharama yake ilikuwamo ndani ya bei ya kilo.

Sasa madalali hawa wanavuka mipaka. Robinhood iliahirisha mpango wake wa kuingia Uingereza mwaka 2020, kisha ikaingia mwaka 2024. Huko malipo ya kuuza maagizo ya wateja yalikwisha kuzuiwa tangu mwaka 2012, ikabidi itegemee mapato mengine. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha marufuku kama hiyo mwaka 2024, na nchi zilizokuwa na desturi hiyo zikapewa muda hadi Juni 2026. Tunajifunza kwamba dalali hubadili mwenendo pale nchi inapomwekea masharti.

Kwetu Afrika Mashariki, programu ya Hisa ilianzia Nairobi ikiwawezesha Wakenya kununua hisa za Marekani, na mwaka 2024 ikanunuliwa na Risevest ya Nigeria. Anayeanza na shilingi aelewe kuwa katika biashara ya namna hii ujira waweza kukaa mahali asipopatazama: katika kiwango cha kubadilisha shilingi kuwa dola, na dola kuwa shilingi.

Hatusemi kwamba programu hizi ni upatu, kama ule wa DECI uliosimamishwa mwaka 2009. Hisa ni mali halali. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza mauzo mwaka 1998, na leo hisa zake hununuliwa hata kwa simu. Madalali wake hudai kamisheni, na wako wanaoiona kuwa mzigo. Sisi twaona kwamba ujira uliotajwa ni haki ya pande zote mbili, na ujira uliofichwa ni kumuuzia mtu mbuzi kwenye gunia.

Kwa hiyo twawaomba wenye mamlaka wamtake kila dalali wa simu, kabla ya kupewa leseni, aeleze kwa Kiswahili chepesi anavyolipwa na anayemlipa. Nanyi vijana, kabla ya kutia fedha za samaki au za mwani, ulizeni mambo matatu: nani amempa leseni, fedha zinabadilishwa kwa kiwango gani, na yeye anafaidikaje mimi ninapopata hasara.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Dalali wa mnadani hutaja bei kwa sauti. Na huyu wa kiganjani ataje ujira wake kwa sauti hiyo hiyo, ndipo tujue kama mwenyeji atapona.